Chuma Kinachosamehe

Kila chombo cha kazi au cha mchezo kina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni haja iliyomfanya mtu akitake. La pili ni fikira ya mtu aliyekitengeneza. Haja huonekana na kila mmoja, lakini fikira hujificha. Mkulima hushika jembe toka asubuhi mpaka jioni asiulize ni nani aliyeamua shingo yake ipinde hivi na isipinde vile. Mvuvi hupiga kafi asikumbuke kwamba upana wake ulipimwa na akili za watu wengi waliokwisha kufa. Ndivyo tulivyo wanadamu: twavitumia vitu kwa mikono, na mara chache twavisoma kwa akili.

Katika insha hii nataka kukisoma chombo kimoja ambacho yamkini wengi wa wasomaji wangu hawajapata kukishika. Ni fimbo ya chuma ya mchezo wa gofu. Na hasa fimbo za kampuni moja ya Marekani iitwayo Ping, ambayo makao yake yako Phoenix, katika jimbo la Arizona. Msomaji asiyejua gofu asikimbie. Gofu ni mlango tu wa kuingilia. Chumba tunachokiendea ni kikubwa zaidi. Ndani yake mna swali ambalo mwalimu na mwanafunzi, hakimu na mshitakiwa, mzazi na mtoto, wote hukutana nalo: je, ni vema chombo kisamehe makosa ya mtu akitumiaye?

Nalijua swali hili tangu ujana wangu. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa katika shule ya sekondari, nilikuwa mchukuzi wa mikoba ya wachezaji katika uwanja mmoja wa gofu usio mbali na kwetu. Sisi wachukuzi tuliitwa makedi. Siku za Jumamosi na Jumapili, na likizoni kila siku, tulisimama langoni kabla ya jua kuchomoza, tukingoja kuitwa. Ujira ulikuwa mdogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa ada ya shule. Kedi hutembea maili nne au tano na mzigo begani. Asipotumia macho yake, safari hiyo huwa ndefu sana. Akiyatumia, huwa darasa. Mimi niliyatumia kutazama vyuma.

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kuchukua fimbo zisizozidi 14. Sheria hiyo ilianza Marekani mwaka 1938. Baadhi ya fimbo hizo ni ndefu na hupeleka mpira mbali. Moja ni ya kuusukuma mpira taratibu mpaka uingie shimoni. Lakini nyingi ni zile za chuma, nazo huandikwa nambari. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo uso wa fimbo unavyolala zaidi, na ndivyo mpira unavyoruka juu na kuanguka karibu. Mpira wenyewe ni mdogo. Uzito wake hauruhusiwi kupita gramu 45.93, na upana wake hauruhusiwi kupungua milimita 42.67. Kuupiga mpira wa namna hiyo kwa kichwa cha chuma kisichozidi sana kiganja cha mtoto, mwisho wa mpini mrefu, kwa mwendo wa kasi, ni kazi inayotaka ustadi.

Fimbo za zamani zilifuliwa. Chuma laini kilipashwa moto, kikagongwa kwa nyundo kubwa mpaka kikapata umbo, kisha kikasuguliwa. Kichwa chake kilikuwa chembamba kama ubapa wa kisu, na uzito wake mwingi ulikusanyika nyuma ya kitovu cha uso. Aliyepiga mpira kwa kitovu hicho hakuhisi kitu mkononi. Mpira uliondoka kama ndege aliyefunguliwa tunduni. Lakini aliyekosa kitovu kwa upana wa kidole kimoja tu aliadhibiwa mara mbili. Mpira ulipotea njia na kufa karibu, na chuma kilitetemeka mikononi mwake hata, wakati wa baridi ya asubuhi, vidole vikamuuma kama vilivyochapwa kiboko.

Nilimchukulia mikoba mzee mmoja, daktari aliyestaafu, aliyekuwa na fimbo za namna hiyo. Zilikuwa zimechakaa, na uso wa nambari 7 ulikuwa umelika mahali pamoja tu, duara dogo kama sarafu. Alama ile ilikuwa hati ya sifa yake, maana ilionyesha kwamba kwa miaka mingi aliupiga mpira pale pale. Siku moja nilithubutu kumwuliza:

"Mzee, mbona hununui fimbo mpya kama za wenzako?"

Alicheka kidogo, akanijibu, "Kijana wangu, fimbo hii hainifichi neno. Nikikosea, yaniambia papo hapo. Marafiki wa namna hiyo ni wachache, sitaki kuwatupa."

Jibu lile lilinikaa moyoni, na hata leo siwezi kusema kwamba halikuwa na maana. Lakini wenzake wengi walikuwa na fimbo nyingine. Zilikuwa nene chini, pana usoni, rangi yake ya kijivu isiyong'aa, na mgongoni zilikuwa na bonde lenye umbo la jicho. Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani zimevunjika zikatolewa kipande. Hazikuwa na uzuri wa kumvuta mtu. Baadaye nilipojifunza habari za aliyezibuni, niliona kwamba ubaya wa sura yake ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa nzuri kuliko sura.

Jina lake Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, nchi ya Norway, mwaka 1911, na alipokuwa bado mtoto mchanga wazazi wake walihamia Seattle, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Karsten aliingia chuo kikuu kusoma uhandisi, lakini dhiki kuu ya uchumi iliyoipiga dunia katika miaka ya 1930 ilimtoa masomoni. Akarudi kushona viatu na kuvitia soli. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Marekani ilihitaji watu wa kutengeneza ndege, na mshona viatu akapata nafasi ya kurudia elimu aliyoitamani. Alifanya kazi katika viwanda vya ndege na vya makombora, na mwaka 1953 akajiunga na kampuni kubwa ya umeme ya General Electric.

Huko ndiko wenzake wa kazini walikomwita kucheza gofu. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, umri ambao wengi huona haya kuanza jambo jipya mbele ya watu. Alicheza, naye akaona taabu, hasa katika kuusukuma mpira karibu na shimo. Watu wengine hupata taabu wakajilaumu. Wengine wakalaumu bahati. Solheim alikuwa mhandisi, naye aliitazama fimbo. Akajiuliza kwa nini kichwa cha fimbo kilijipinda mkononi mpira ulipogusa pembeni. Mwaka 1959, katika banda la gari nyumbani kwake huko Redwood City, California, alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira ambayo uzito wake aliugawa pande mbili, kisigino na ncha. Fimbo ile ilipogonga mpira ililia: ping! Mlio huo ndio uliokuwa jina la kazi yake yote.

Hapa napenda kusimama kidogo nieleze fikira yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo roho ya habari hii. Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzegazega begani, mti mmoja na debe kila upande. Mwambie ageuke ghafula. Hawezi. Madebe yale mawili, kwa kuwa yako mbali na bega, hukataa kugeuzwa upesi. Sasa ayafunge madebe yote mawili pamoja, katikati ya mti, karibu na shingo yake. Uzito ni ule ule, lakini sasa aweza kugeuka kama pia. Hii ni kanuni ya maumbile: uzito uliotawanywa mbali na katikati huupinga mzunguko, na uzito uliokusanywa katikati huukubali.

Kichwa cha fimbo nambari 7 kina uzito wa kama gramu 270. Fundi wa zamani na fundi mpya wote walikuwa na gramu hizo hizo. Hawakuweza kuzizidisha sana, la sivyo fimbo ingekuwa nzito. Tofauti ilikuwa mahali pa kuziweka. Wa zamani alizirundika katikati, kama madebe yaliyofungwa pamoja. Solheim alichimba katikati, akaipeleka chuma ile kwenye mipaka: kisiginoni, nchani na chini kwenye wayo. Basi mpira ulipogonga pembeni, kichwa hakikugeuka sana. Mpira ulikwenda karibu na njia yake, ukapungukiwa kidogo tu, na mikono haikuumia. Bonde lile nililolidhania kuwa ni kipande kilichovunjika lilikuwa mahali uzito ulipochukuliwa kwenda kufanya kazi kwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Solheim alijaribu fikira hiyo katika fimbo za chuma kwa kuchukua vichwa vilivyokwisha kufuliwa na kuvichonga mgongoni kwa mashine. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu nyundo haipendi mabonde na pembe za ndani. Mwaka 1967 aliacha kazi ya mshahara, akaiweka riziki ya nyumba yake yote juu ya fimbo, huko Phoenix alikokuwa amehamia. Na mwaka 1969 alitoa fimbo za chuma zilizoitwa Karsten I. Hizi hazikufuliwa; zilisubiwa.

Njia aliyoitumia ni ya kale sana. Kwanza hutengenezwa mfano wa nta, wenye kila bonde na kila pembe. Mfano huo huchovywa mara nyingi katika udongo maalumu mpaka ukafunikwa na ganda gumu. Ganda hutiwa moto. Nta huyeyuka na kutoka, ikaacha uwazi wenye umbo lake. Ndani ya uwazi huo humiminwa chuma kilichoyeyuka, na kikisha kupoa ganda huvunjwa. Mafundi wa Ife na Benin, katika nchi iitwayo leo Nigeria, waliitumia njia ya nta kusubu vichwa na sanamu za shaba karne nyingi kabla ya gofu kufika Amerika. Faida yake kwa Solheim ilikuwa kubwa. Aliweza kuuweka uzito alipotaka, na kichwa cha elfu moja kikafanana na cha kwanza. Aidha aliweza kutumia chuma kigumu kisichoshika kutu.

Wenye kuzoea ubapa mwembamba walizicheka fimbo zile. Walisema ni nene, ni za kijivu, na hazifai kuwekwa katika mkoba wa bingwa. Solheim hakuzing'arisha ili kuwapendeza. Badala yake aliendelea kuwatazama watu. Mwaka 1972 alianza kutumia alama ya nukta ya rangi. Aligundua kwamba mtu mrefu na mtu mfupi hawawezi kutumia fimbo ya mwinamo mmoja: wayo wa fimbo ya mmoja utainuka ncha, na wa mwingine utainuka kisigino, na mpira utakwenda kombo ingawa mpigaji hana kosa. Basi kila mchezaji alipimwa, na fimbo zake zikatiwa rangi: nyeusi kwa mwinamo wa kawaida, nyekundu, buluu au kijani kwa walio mbali na kawaida. Sisi wachukuzi tulizijua rangi hizo kabla ya kujua maana yake. Naona jambo hili ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Kabla ya hapo mtu aliupinda mgongo wake ili alingane na chombo. Tangu hapo chombo kilipindwa ili kilingane na mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilitoka fimbo iliyoitwa Eye, yaani jicho, kwa ajili ya umbo la bonde lake. Na mwaka 1982 ikafuata Eye2. Hiyo ya pili iliuzwa kuliko fimbo za chuma za aina yoyote katika zama zake. Wachezaji wa kulipwa waliishika, na karani aliyecheza mara moja kwa juma aliishika. Mwaka 1989 Mmarekani Mark Calcavecchia alishinda mashindano makuu ya Uingereza katika uwanja wa Royal Troon akiwa na fimbo hizo. Nyingine zilisubiwa kwa shaba iliyochanganywa na madini ya berili. Zilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, na watu walizipenda. Lakini vumbi la berili ni sumu kwa mapafu ya fundi alisagaye, na fimbo za namna hiyo hazitengenezwi tena na kampuni ile. Nalitaja jambo hili ili msomaji asisahau kwamba nyuma ya kila kitu kizuri kuna mtu anayevuta hewa kiwandani.

Fimbo za jicho zilifika hata kwetu, na hapo ndipo swali nililolitaja mwanzoni lilipokuja kusimama mbele yangu. Kila mwaka wakubwa wa uwanja wetu walifanya mashindano ya wachukuzi. Zawadi ya mshindi ilikuwa ada ya shule ya muhula mmoja. Kwa mtoto wa tajiri hilo ni jambo la kusahaulika. Kwetu sisi lilikuwa tofauti ya kukaa darasani na kukaa nyumbani. Wengi wetu tulicheza kwa fimbo za kuokoteza: nambari 5 ya mtu huyu, nambari 9 ya mtu yule, nyingine mpini wake umefungwa kwa utepe. Mwaka ule rafiki yangu mmoja, kijana yatima aliyelelewa na nyanya yake, aliazimwa seti nzima ya fimbo za jicho na mchezaji aliyempenda kwa bidii yake. Akacheza, akashinda kwa pigo moja.

Palikuwa na ghasia. Aliyekuwa wa pili alisema kwamba ushindi ule ulikuwa wa fimbo na haukuwa wa mtu. Wengine wakaunga mkono, nao walikuwa na hoja. Walisema, "Sisi tukikosa, twapotea vichakani. Yeye akikosa, chuma chamrudisha njiani. Je, hiyo ni haki?" Rafiki yangu alisimama kimya, na fimbo zile za kuazima zikamwelemea kuliko mzigo wowote aliopata kubeba. Neno likapelekwa mbele ya wazee watatu, na mmoja wao alikuwa yule daktari mwenye fimbo za ubapa, asiyezipenda fimbo za jicho hata kidogo. Sote tulijua maoni yake, na wenye malalamiko walifurahi.

Mzee alichukua fimbo nambari 5 ya rafiki yangu, akaigeuza mara mbili, akaliambia kundi, "Mimi sizipendi. Lakini sheria haikuniuliza kama nazipenda. Sheria inasema fimbo hizi ni halali, na ilisema hivyo kabla hamjaanza. Haki haiwezi kuandikwa baada ya mchezo kwisha." Kisha akamtazama aliyekuwa wa pili, akasema kwa upole, "Na wewe, mwanangu, umecheza vizuri kwa fimbo mbovu. Mwaka ujao njoo kwangu mapema nikuazime zangu." Zawadi ikabaki kwa mshindi. Rafiki yangu alimaliza masomo yake.

Miaka michache baadaye nilisoma kwamba mzozo kama ule, ulio mkubwa mara nyingi, ulikuwa ukiendelea Marekani juu ya fimbo hizo hizo. Usoni mwa kila fimbo ya chuma kuna mifuo, yaani mistari iliyochimbwa, ambayo huushika mpira na kuupa mzunguko. Zamani mifuo ilikuwa na umbo la herufi V. Mwaka 1984 Chama cha Gofu cha Marekani kiliruhusu mifuo yenye umbo la herufi U, ambayo ni rahisi kuisubu. Lakini kingo kali za mifuo hiyo zilikwaruza mipira, basi kampuni ya Ping ikazilainisha kwa kuziviringisha kidogo. Hapo ndipo fitina ilipoingia. Sheria ilitaka nafasi kati ya mfuo na mfuo isipungue mara tatu ya upana wa mfuo. Je, upana wa mfuo wenye kingo za mviringo hupimwa kuanzia wapi: pale mviringo unapoanza, au pale ukuta wa ndani unaposimama wima? Ukipima hivi, fimbo ni halali. Ukipima vile, ni haramu. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo isiyoonekana kwa macho matupu.

Mwaka 1987 Chama kilitangaza kwamba mifuo ya Eye2 imevunja sheria. Solheim, aliyekuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, hakukubali kuitwa mvunja sheria kwa kipimo ambacho, kwa maoni yake, kiliwekwa baada ya kazi kufanywa. Mwaka 1989 alifungua daawa ya dola milioni 100. Mwezi wa Januari 1990 pande mbili zilipatana: fimbo zilizokwisha kutengenezwa zihesabiwe halali daima, na zitakazotengenezwa baadaye zifuate kipimo cha Chama. Kesi nyingine, dhidi ya chama cha mashindano ya wachezaji wa kulipwa, kilichotaka kuikataza mifuo yote ya umbo la U, ilikwisha kwa mapatano mwaka 1993.

Mapatano ya 1990 yalizaa jambo la ajabu miaka 20 baadaye. Mwaka 2010 sheria mpya ilipunguza ukali wa mifuo kwa wachezaji wa kulipwa. Fimbo zote kali zikakatazwa, isipokuwa zile Eye2 kuukuu zilizolindwa na mapatano. Mabingwa kadhaa, Phil Mickelson akiwa mmoja wao, wakatoa fimbo za miaka ya 1980 wakazitia mikobani. Mchezaji mmoja aliwaita wenzake wadanganyifu, kisha akaomba radhi. Mwezi wa Machi mwaka ule kampuni yenyewe, ikiongozwa na John Solheim, mwana wa mwanzilishi, ilikubali kuiacha haki yake katika mashindano hayo ili mchezo uwe na sheria moja kwa wote. Baba alipigania haki yake mpaka akaipata, na mwana akaiachia kwa hiari ilipokuwa kikwazo kwa wengine. Sijui lipi kati ya hayo mawili lilitaka moyo mkubwa zaidi.

Karsten Solheim alifariki mwezi wa Februari 2000. Fimbo zake ziliendelea kubadilika. Katika karne hii zimetoka nyingi zenye herufi G na nambari mbele yake: G2, G5, G10, G430, na nyinginezo. Nyuso zake ni nyembamba, zenye kunyumbuka zinapogonga mpira, na nyingine zina uwazi ndani kama ngoma. Mwinamo wake nao umepungua. Zamani nambari 7 ilikuwa na nyuzi 35 au zaidi. Siku hizi nyingi ziko nyuzi 30 au chini yake. Msomaji mwerevu ataona mtego hapa. Mtu akisema, "Siku hizi napiga nambari 7 mbali kuliko baba yangu," yafaa aulizwe kwanza kama nambari 7 ya leo siyo nambari 6 ya jana, au hata nambari 5, iliyobadilishwa jina. Maendeleo mengine ni ya kweli, na mengine ni ya maandishi tu. Mwenye akili huyapima yote mawili.

Tena mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilitoa fimbo iitwayo Blueprint: imefuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, ndogo, nyembamba, haina bonde mgongoni. Ni dada wa zile fimbo za daktari wetu. Nyumba iliyojengwa juu ya msamaha imefungua chumba kwa ajili ya wale wasiotaka kusamehewa. Sioni ukinzani ndani yake. Anayejua kitovu kilipo aweza kutaka chuma kimwambie kweli yote. Anayejifunza hahitaji kweli yote kwa siku moja.

Mimi sasa ni mwalimu, na karakana yangu ina tupa, patasi na majiko ya kuyeyushia chuma. Mara nyingi wazazi huniuliza kama vyombo vya kisasa, kama vile mashine za kukokotolea hesabu, haviwaharibu watoto. Nikumbukapo vyuma nilivyovichukua begani, huwajibu hivi. Chombo kinachosamehe hakimpigii mtu mpira. Fimbo ya jicho haikumwamsha rafiki yangu alfajiri, wala haikumfundisha kusimama sawasawa, wala haikuutuliza moyo wake katika shimo la mwisho. Ilichofanya ni kuyapunguza malipo ya kosa, ili kosa la upana wa kidole lisilipwe kwa hasara ya upana wa shamba. Adhabu iliyo kubwa kuliko kosa haifundishi. Humfukuza mtu uwanjani tu. Na wangapi tumewafukuza hivyo katika shule zetu, kwa kosa dogo na kiboko kikubwa?

Lakini namkumbuka na mzee wa ubapa. Msamaha unaoficha kosa kabisa ni adui. Mwanafunzi asiyehisi chochote mkononi anapokosea hatapata kujua kitovu kiko wapi. Kwa hiyo chombo kilicho bora, na mwalimu aliye bora, ni yule amwambiaye mwanafunzi kwamba amekosea, lakini hamvunji vidole kwa kumwambia. Solheim aliichukua chuma iliyorundikana mahali pamoja akaigawa mipakani, isiongezeke wala isipungue, na watu wengi wakapata kucheza ambao wangekata tamaa. Nasi tulio na mamlaka juu ya wengine, nyumbani, darasani au barazani, tuna uzito wetu mikononi. Hatuna budi kuuchukua. Kazi yetu ni kufikiri tuuweke wapi.